Reli na Maangamizi ya Wayahudi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hurudiwa na wanafunzi, walimu na wasomaji wa historia kila mada ya Holokosti, yaani Maangamizi ya Wayahudi, inapoguswa, hasa wanapofika kwenye picha ya behewa la mizigo lililofungwa milango. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yanayobishaniwa. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Reli ilihusikaje na Maangamizi ya Wayahudi?

Ujerumani ya Kinazi, ikisaidiwa na serikali na vikosi vya nchi kadhaa za Ulaya, iliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, wengi wao kati ya 1941 na 1945. Takribani nusu yao walifikishwa mahali pa kuuawa kwa treni. Hao ni watu kama milioni 3, waliosafirishwa kwa treni zinazokadiriwa kufika 2,000 kutoka miji iliyotapakaa kuanzia Bordeaux hadi Thessaloniki, na wengi wao walipelekwa kwenye kambi chache zilizojengwa katika ardhi ya Poland iliyokaliwa na Wajerumani.

Reli haikutunga sera hiyo. Uamuzi ulikuwa wa viongozi wa chama na dola, na utekelezaji ulikabidhiwa SS, kikosi cha ulinzi cha chama cha Nazi, na polisi. Hata hivyo, SS haikuwa na treni zake za kusafirishia umati kama huo. Ilibidi kila treni iombwe, ipangiwe ratiba, itafutiwe injini na mabehewa, iendeshwe na ilipiwe nauli, na kazi zote hizo zilifanywa na watumishi wa kawaida wa reli, kwenye meza zao za kawaida, kwa fomu walizokuwa wakizitumia miaka yote.

Reichsbahn lilikuwa shirika gani?

Deutsche Reichsbahn lilikuwa shirika la reli la taifa la Ujerumani, na mojawapo ya taasisi kubwa kuliko zote nchini humo. Mwaka 1942 liliajiri watu karibu milioni 1.4, mbali na mamia ya maelfu waliofanya kazi katika reli za Poland na Umoja wa Kisovieti zilizotekwa. Mkuu wake alikuwa Julius Dorpmüller, mhandisi mzee wa reli ambaye tangu 1937 alikuwa pia Waziri wa Uchukuzi. Kuanzia Mei 1942 shughuli za kila siku zilikuwa mikononi mwa katibu mkuu wa wizara, Albert Ganzenmüller, aliyekuwa na umri wa miaka 37 tu na ambaye alikuwa Mnazi wa siku nyingi.

Katika sehemu ya Poland iliyoitwa Serikali Kuu, reli iliendeshwa na tawi lililojulikana kama Ostbahn, lenye makao yake Kraków. Wakuu walikuwa Wajerumani, lakini wengi wa madereva, wapanga njia na makarani wa stesheni walikuwa Wapolandi waliofanya kazi chini ya amri yao. Nchi za magharibi zilibaki na mashirika yao wenyewe, kama SNCF ya Ufaransa na NS ya Uholanzi, ambayo yaliendesha treni hadi mpakani au karibu nao.

Kwa nini watu walisafirishwa mbali badala ya kuuawa walipokuwa?

Wengi waliuawa pale pale walipokuwa. Katika maeneo ya Kisovieti yaliyovamiwa kuanzia Juni 1941, vikosi vya Wajerumani viliwapiga risasi Wayahudi kando ya vijiji na miji yao. Katika bonde la Babyn Yar mjini Kyiv waliuawa watu 33,771 kwa siku mbili, tarehe 29 na 30 Septemba 1941, na hakuna treni iliyohitajika.

Njia hiyo haikuweza kutumiwa Paris, Amsterdam au Berlin, ambako ingeonekana na kila mtu na kuzua ghasia. Huko watu walikamatwa, wakaambiwa kwamba wanapelekwa mashariki kufanya kazi, na wakapakiwa. Kambi za kuulia nazo zilichaguliwa kwa kuangalia ramani ya reli. Bełżec ilikuwa kwenye njia ya kutoka Lublin kwenda Lviv, na Sobibór kwenye njia ya Chełm na Włodawa. Treblinka ilifikiwa kwa tawi fupi karibu na makutano ya Małkinia, na Auschwitz ilikuwa kwenye makutano makubwa yaliyounganisha Vienna, Kraków na Silesia. Hata Chełmno, ambako watu waliuliwa ndani ya malori yaliyojazwa gesi ya moshi, ilipokea wengi wa watu wake kwa treni kutoka Łódź hadi mji wa Koło.

## Treni ilipangwaje

Nani aliagiza treni?

Maombi yalitoka katika ofisi ya Adolf Eichmann, ofisa wa SS, dawati IV B 4 la Makao Makuu ya Usalama ya Reich mjini Berlin. Mtu aliyeshughulikia usafiri hapo alikuwa Franz Novak, na mwenzake upande wa Wizara ya Uchukuzi alikuwa ofisa wa ngazi ya kati aitwaye Otto Stange. Hawa wawili walikubaliana idadi ya treni, na baada ya hapo faili likashuka kwa wapangaji wa ratiba katika ofisi za kanda, ambao walikutana mara kwa mara na wenzao wa nchi nyingine kugawana mabehewa na nafasi za njia.

Mkutano wa Wannsee wa tarehe 20 Januari 1942, ambao hutajwa sana kwa kuwa ulipanga utekelezaji wa Maangamizi, ulihudhuriwa na wawakilishi wa wizara kadhaa, lakini Wizara ya Uchukuzi haikuwamo. Wapo wanaolichukulia hilo kama ushahidi kwamba reli haikuwa mshiriki kamili. Mimi naliona kinyume chake: waliokuwa mezani walihitaji kupatanishwa juu ya mamlaka na tafsiri za sheria, ilhali kwa reli hakukuwa na la kujadiliana, kwa kuwa tangu Oktoba 1941 treni zilikuwa tayari zinaondoka Berlin, Vienna na Prague.

Ratiba za treni hizi zilikuwa za siri?

Kwa kiasi kidogo mno kuliko watu wanavyodhani. Agizo la ratiba lilikuwa karatasi ya kawaida iliyopigwa chapa na kutumwa kwa stesheni zote za njiani. Juu yake hapakuwa na mhuri wa siri kubwa, bali maneno ya kawaida yaliyosema kwamba waraka ni kwa matumizi ya kikazi tu. Treni zilipewa vifupisho: zile zilizotoka nje ya Poland ziliandikwa mara nyingi kwa herufi Da, na zile za Wayahudi wa Poland kwa herufi PJ. Kisha zilifuata namba ya treni, idadi ya mabehewa, na saa ya kufika na kuondoka kila stesheni kwa dakika zake.

Mtu anayeisoma karatasi hiyo leo husimama kwenye mistari ya mwisho. Treni inafika Treblinka ikiwa imejaa, na baada ya saa chache treni hiyo hiyo inaandikiwa safari ya kurudi ikiwa tupu, kwenda kuchukua watu wengine. Karani yeyote aliyepanga mzunguko huo aliona kwamba maelfu walikuwa wakishushwa kwenye stesheni ya kijiji kidogo, na kwamba hapakuwa na treni yoyote iliyowachukua kuwatoa hapo.

Je, ni kweli kwamba nauli ililipwa?

Ndiyo, na pengine hili ndilo linalowashtua wasomaji kuliko yote. Reichsbahn lilitoza nauli ya daraja la tatu, pfenigi 4 kwa kila kilomita kwa mtu mzima. Watoto wa chini ya miaka 10 walitozwa nusu, na wa chini ya miaka 4 walisafiri bure. Kundi la watu wasiopungua 400 lilipata punguzo la nusu nauli, kama lile walilopewa watalii. Waliohamishwa walihesabiwa nauli ya kwenda tu, na askari waliowalinda nauli ya kwenda na kurudi. Mabehewa yakirudi machafu kupita kiasi au yameharibika, gharama iliongezwa kwenye ankara. Malipo kadhaa yalipitia wakala wa safari wa serikali, ambaye katika ofisi hizo hizo aliuza tiketi za likizo.

Mlipaji rasmi alikuwa ofisi ya Eichmann, lakini fedha zilitoka kwa Wayahudi wenyewe. Katika miji ya Ujerumani walitozwa kabla ya kuondoka, na kwingineko zilichukuliwa kwenye mali walizonyang'anywa. Kuhamishwa kwa zaidi ya watu 45,000 kutoka Thessaloniki mwaka 1943 kulizaa ankara ya takribani Reichsmark milioni 2, iliyokuja kuzua mzozo kati ya ofisi za Kijerumani kwa sababu mali iliyotaifishwa ilikuwa katika drakma za Ugiriki na deni lilikuwa katika fedha za Ujerumani. Mzozo ulikuwa wa fedha za kigeni, na katika barua zao hakuna aliyeulizia abiria.

## Safari yenyewe

Je, kila mara yalitumika mabehewa ya ng'ombe?

Hapana. Treni nyingi za mwanzo kutoka Ujerumani, Austria na nchi ya Cheki zilikuwa za abiria, daraja la tatu, na kwa kawaida zilichukua watu 1,000 hivi. Treni ya kwanza ya Wayahudi kutoka Ufaransa, iliyoondoka tarehe 27 Machi 1942, nayo ilikuwa ya mabehewa ya abiria. Mabehewa hayo yalisaidia uongo kwamba watu wanahamia makazi mapya.

Katika Poland hawakujisumbua na hilo. Watu walisukumwa ndani ya mabehewa ya mizigo yaliyofungwa, mara nyingi zaidi ya 100 katika behewa moja, na treni moja iliweza kubeba 5,000 au zaidi. Baadaye mabehewa ya mizigo yakawa ya kawaida pia katika nchi za magharibi.

Hali ndani ya treni ilikuwaje, na safari ilichukua muda gani?

Behewa la mizigo lilikuwa na tundu dogo la hewa lililozungushiwa seng'enge, ndoo moja ya haja, na mara nyingine ndoo ya maji ambayo haikujazwa tena njiani. Watu walisimama au kukaa kwa zamu. Wakati wa kiangazi walikufa kwa joto na kiu, na majira ya baridi kwa kuganda, wazee na watoto wachanga wakitangulia. Treni hizi zilikwenda polepole na zilisukumwa kwenye reli za pembeni kupisha nyingine, kwa hiyo safari ya kilomita 100 iliweza kuchukua siku nzima, na ile ya kutoka Ugiriki karibu wiki moja au zaidi.

Ripoti ya kapteni wa polisi Paul Salitter, aliyesindikiza Wayahudi 1,007 kutoka Düsseldorf kwenda Riga kuanzia tarehe 11 Desemba 1941, inatuonyesha jambo hili kwa karibu. Safari ilichukua saa 61. Katika stesheni ya Konitz, Salitter alitaka behewa la askari wake lihamishiwe katikati ya treni ili waweze kulinda vizuri. Mkuu wa stesheni alikataa kwa kuwa treni ilipaswa kuondoka mara moja, akamshauri kwamba, kama ni lazima, awatoe Wayahudi kwenye behewa moja la katikati, awaweke askari humo, na Wayahudi wahamie kwenye behewa la daraja la pili la askari. Salitter alikasirika na kuandika kwamba ofisa huyo aelezwe na wakubwa wake namna ya kutofautisha polisi wa Ujerumani na Wayahudi. Treni ilipofika Riga usiku, katika baridi ya nyuzi 12 chini ya sifuri, ilisimama hadi asubuhi bila kupashwa joto, na watu wakiwa bado ndani.

Mambo mawili yanaonekana hapo. Mtumishi wa reli aliweza kumkatalia polisi aliyevaa sare, na hakuna kilichompata papo hapo. Na alimkatalia kwa ajili ya ratiba.

Je, waliokuwa ndani walijua wanakopelekwa?

Walijua kwa viwango tofauti. Katika magheto ya Poland, yaani mitaa ambamo Wayahudi walifungiwa, kufikia nusu ya pili ya 1942, habari za Treblinka na Bełżec zilikuwa zimeenea, na wengi waliruka kutoka mabehewani ingawa askari waliwafyatulia risasi. Waliotoka Uholanzi, Ugiriki au Hungaria mara nyingi waliamini habari za kazi, au walitaka kuziamini. Baadhi walitupa barua kupitia matundu. Postikadi moja iliyotupwa kutoka treni iliyoondoka kambi ya Westerbork, Uholanzi, Septemba 1943 iliokotwa na wakulima, wakaiposti, nayo ikafika.

Udanganyifu uliendelea hadi mwisho. Kuanzia mwishoni mwa 1942, jengo lililokuwa kando ya jukwaa la Treblinka lilipambwa lifanane na stesheni halisi: lilikuwa na dirisha la kukatia tiketi, vibao vya kuelekeza abiria wa treni za kuunganisha, na saa ya ukutani iliyochorwa kwa rangi, mishale yake ikiwa saa kumi na mbili kamili daima.

## Nchi mbalimbali

Hungaria hutajwa sana. Kwa nini?

Kwa sababu ya kasi. Kati ya tarehe 15 Mei na 9 Julai 1944, Wayahudi wapatao 437,000 walitolewa Hungaria kwa treni 147, karibu wote wakipelekwa Auschwitz-Birkenau. Mikutano ya ratiba iliyofanyika Vienna mwanzoni mwa Mei ilichagua njia ya kupitia Kassa, ambayo leo ni Košice nchini Slovakia, na hapo ndipo askari wa Hungaria walipowakabidhi kwa Wajerumani. Ili kuzipokea treni hizo, reli iliingizwa ndani kabisa ya kambi ya Birkenau na jukwaa likamalizwa Mei hiyo hiyo. Njia inayoonekana kwenye picha mashuhuri, ikipita chini ya lango, ni ya miezi hiyo. Kabla yake watu walishushwa kwenye uwanja wa reli uliokuwa kati ya kambi mbili kuu za Auschwitz.

Slovakia ililipa ili Wayahudi wake wachukuliwe?

Ndiyo. Serikali ya Slovakia ilikubali kuilipa Ujerumani Reichsmark 500 kwa kila Myahudi, kwa sharti kwamba asirudishwe na kwamba mali yake ibaki kwa serikali hiyo. Treni ya kwanza iliondoka Poprad tarehe 25 Machi 1942 ikiwa na wasichana na wanawake vijana karibu 1,000, na kufikia Oktoba watu kama 58,000 walikuwa wamechukuliwa. Malipo hayo yalikuwa mbali na nauli ya reli iliyoelezwa hapo juu.

Vipi kuhusu Ufaransa na Uholanzi?

Kutoka Ufaransa walihamishwa Wayahudi wapatao 76,000, wengi kupitia kambi ya Drancy karibu na Paris, na waliorudi ni kama 2,500. Treni ziliendeshwa na SNCF hadi mpaka uliowekwa na Wajerumani.

Kutoka Uholanzi walichukuliwa kama 107,000, wengi kupitia kambi ya Westerbork, ambako treni kwa kawaida iliondoka Jumanne. Wafanyakazi wa reli wa Uholanzi wanakumbukwa kwa mgomo wao mkubwa ulioanza tarehe 17 Septemba 1944 kwa wito wa serikali iliyokuwa uhamishoni London. Ni mgomo wa kishujaa, uliosimamisha reli ya nchi nzima. Lakini treni ya mwisho ya Wayahudi ilikuwa imeondoka Westerbork tarehe 13 Septemba, siku nne kabla yake, na katika miaka miwili iliyotangulia wito wa namna hiyo haukutolewa kwa ajili ya treni za Jumanne.

Je, wote walisafirishwa kwa reli pekee?

Hapana. Mbali na waliouawa kwao, kama ilivyoelezwa kwenye mambo ya msingi, wapo waliosafiri kwa njia mchanganyiko. Tarehe 26 Novemba 1942 meli iitwayo Donau iliondoka Oslo na Wayahudi 532 hadi Stettin, na kutoka hapo wakapandishwa treni ya Auschwitz. Wayahudi wa Thrakia, eneo la Ugiriki, waliokabidhiwa na Bulgaria Machi 1943, walipelekwa kwa treni hadi bandari ya Lom, wakapandishwa mto Danube kwa meli hadi Vienna, na kumalizia kwa treni hadi Treblinka. Wale wa kisiwa cha Rhodes walitolewa Julai 1944 kwa mashua hadi Piraeus, na walifika Auschwitz zaidi ya wiki tatu baadaye.

## Watumishi wa reli

Walijua nini?

Wakuu walijua. Tarehe 28 Julai 1942 Ganzenmüller aliwaandikia watu wa Himmler, mkuu wa SS, kwamba tangu tarehe 22 treni moja yenye Wayahudi 5,000 ilikuwa ikitoka Warsaw kwenda Treblinka kila siku, na nyingine mbili kwa wiki kutoka Przemyśl kwenda Bełżec. Karl Wolff, msaidizi wa Himmler, alimjibu kwa furaha na shukrani.

Wa chini walijua kutokana na macho na pua zao. Franciszek Ząbecki, Mpolandi aliyesimamia mwendo wa treni katika stesheni ya kijiji cha Treblinka, alikuwa pia mwanachama wa siri wa jeshi la upinzani. Treni za mabehewa 60 zilisimama kwake, zikakatwa vipande vya mabehewa 20, kwa sababu jukwaa la kambi halikuweza kupokea zaidi ya hapo kwa mara moja. Kwenye ubavu wa kila behewa idadi ya watu ilikuwa imeandikwa kwa chaki, naye aliisoma na kuiweka kichwani. Alificha pia baadhi ya hati za usafirishaji, na baada ya vita alitoa ushahidi mahakamani Ujerumani.

Je, kuna aliyekataa kuendesha?

Wapo, lakini ni wachache mno. Anayejulikana zaidi ni Léon Bronchart, dereva Mfaransa, ambaye tarehe 31 Oktoba 1942 mjini Montauban alikataa kuendesha treni ya wafungwa wa kisiasa. Treni hiyo haikuwa ya Wayahudi, ingawa mara nyingi husimuliwa hivyo. Alitambuliwa na Israeli kuwa Mwadilifu miongoni mwa Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi, kwa kuwa aliwasaidia pia Wayahudi kujificha. Adhabu aliyopewa na shirika kwa kukataa ilikuwa ndogo. Baadaye Wajerumani walimkamata kwa shughuli zake za upinzani na kumpeleka kambini.

Kuhusu Wapolandi wa Ostbahn swali hili linahitaji tahadhari zaidi, kwani wao walikuwa raia wa nchi iliyotekwa na waliweza kuuawa kwa kosa dogo. Hoja hiyo haiwahusu wapangaji wa ratiba wa Berlin.

Kuna treni yoyote iliyowahi kushambuliwa ili kuwaokoa watu?

Moja inajulikana vizuri. Usiku wa tarehe 19 Aprili 1943, treni ya ishirini kutoka Mechelen nchini Ubelgiji, yenye watu 1,631, ilisimamishwa karibu na Boortmeerbeek na vijana watatu: Youra Livchitz, Robert Maistriau na Jean Franklemon. Silaha yao ilikuwa bastola moja na taa ya kandili waliyoifunika kwa karatasi nyekundu ili dereva adhani ni ishara ya hatari. Walifanikiwa kufungua behewa moja na watu 17 wakatoka. Usiku huo watu wengine wengi waliruka wenyewe njiani, baadhi wakitumia vifaa walivyovificha, hata idadi ya waliokimbia ikapita 230. Sehemu yao walipigwa risasi au kukamatwa tena. Mmoja wa walioruka, Simon Gronowski, alikuwa na miaka 11, na mama yake ndiye aliyemshusha kwenye ngazi ya behewa.

## Maswali yanayobishaniwa

Je, treni za Wayahudi zilipewa kipaumbele kuliko za jeshi?

Dai hili limeenea sana, lakini ushahidi hauliungi mkono. Reichsbahn liliendesha maelfu ya treni kila siku, na treni za Wayahudi zilikuwa sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Zilipogongana na mahitaji ya vita, zilisubiri. Mashambulizi ya kiangazi cha 1942 upande wa mashariki yalizisimamisha kwa muda, na wakati wa vita vya Stalingrad, kuanzia Desemba 1942, zilisitishwa tena kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana tarehe 20 Januari 1943 Himmler alimwandikia Ganzenmüller akimsihi ampatie treni zaidi ili aweze kumaliza haraka.

Lililo sahihi zaidi ni kwamba nafasi ilipopatikana tu, reli iliwapa SS treni. Hakuna dalili kwamba wizara iliwahi kuutumia uhaba wa mabehewa kama kisingizio cha kuzikwepa treni hizi, ingawa kisingizio kilikuwapo miaka yote ya vita.

Kwa nini Marekani na Uingereza hazikuilipua reli ya kwenda Auschwitz?

Kuanzia Juni 1944 viongozi wa Kiyahudi waliomba njia za kutoka Hungaria zilipuliwe. Wizara ya Vita ya Marekani ilikataa kwa hoja kwamba ndege zilihitajika kwingine. Wanaotetea uamuzi huo husema kwamba reli iliyokatwa ilirekebishwa kwa siku chache, na hilo ni kweli. Wanaoupinga hukumbusha kwamba tarehe 20 Agosti 1944 ndege za Marekani zililipua kiwanda cha Monowitz, kilichokuwa kilomita chache tu kutoka kwenye vyumba vya gesi, na hilo pia ni kweli. Kwa Wayahudi wengi wa Hungaria muda ulikuwa umekwisha, kwani treni zao zilisimama mwanzoni mwa Julai kwa amri ya Horthy, mtawala wa Hungaria.

Je, kuna treni zilizopangwa lakini hazikuondoka?

Ndiyo, na mfano mkubwa ni wa Rumania. Katika mkutano wa Berlin wa tarehe 26 hadi 28 Septemba 1942, wapangaji walijadili kuwasafirisha Wayahudi 200,000 wa Rumania kwenda Bełżec. Serikali ya Antonescu, mtawala wa Rumania, ilirudi nyuma na treni hizo hazikuondoka. Hilo halimsafishi Antonescu. Mwishoni mwa Juni 1941, baada ya mauaji ya mjini Iași, maofisa wake waliwafungia maelfu ya Wayahudi katika treni mbili zilizozungushwa polepole kwenye joto kali bila maji, na zaidi ya 2,000 wakafa humo.

## Baada ya vita

Wakuu wa reli walihukumiwa?

Karibu hakuna. Dorpmüller alikufa kwa ugonjwa Julai 1945. Ganzenmüller alikimbilia Argentina, akarudi Ujerumani Magharibi katikati ya miaka ya 1950, na kesi yake ilifunguliwa Düsseldorf mwaka 1973, lakini ikasimamishwa baada ya muda mfupi kwa sababu ya maradhi ya moyo. Aliishi hadi 1996. Novak, ambaye alikuwa mtu wa SS na si wa reli, alishtakiwa Vienna mara kadhaa na mwishowe akahukumiwa kifungo cha miaka 7.

Mashirika ya reli yamelipa fidia?

Baadhi, na kwa kuchelewa sana. NS iliomba radhi mwaka 2005, na mwaka 2019 ikaanzisha mpango wa malipo: euro 15,000 kwa walionusurika, na kiasi kidogo zaidi kwa wajane na watoto wa waliofariki. SNCF ilieleza masikitiko na majuto yake mwishoni mwa 2010, wakati ikitafuta zabuni za reli Marekani ambako wabunge walikuwa wakiibana, jambo lililowafanya wengi kutilia shaka nia yake. Mwaka 2014 serikali ya Ufaransa ilikubali kutoa dola milioni 60 kwa waliohamishwa kutoka Ufaransa ambao mipango ya awali iliwaacha nje.

Ni wapi panaweza kutembelewa?

Mjini Berlin, stesheni ya Grunewald, reli namba 17 ina sahani 186 za chuma kando ya njia, kila moja ikitaja tarehe, idadi ya watu na mahali walikopelekwa, kuanzia Oktoba 1941. Shirika la reli la Ujerumani la sasa liliujenga ukumbusho huo mwaka 1998. Chini ya stesheni kuu ya Milan kuna jukwaa namba 21, ambako mabehewa yalipakiwa mbali na macho ya abiria kisha yakapandishwa juu kwa lifti.

Nawezaje kumtafuta mtu fulani au treni fulani?

Anza na Arolsen Archives za Ujerumani, ambazo zimeweka mamilioni ya hati kwenye intaneti bila malipo, kisha hifadhi ya majina ya Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Maangamizi mjini Jerusalem, ambayo pia ina orodha ya treni kwa tarehe na mji. Jaribu tahajia zaidi ya moja ya jina la ukoo, kwa kuwa makarani wa Kijerumani, Kifaransa na Kipolandi waliliandika kila mmoja kwa namna yake. Kwa treni za ndani ya Poland usitarajie orodha ya majina: kwa kawaida iliyobaki ni idadi ya watu, na tarehe.